Waliniambia ni Tumbo

Siku ile uani kwa Baba mdogo tulikuwepo watu saba. Nawataja wote, maana kila mmoja ana sehemu yake katika mkasa huu. Alikuwepo Baba mdogo Athumani mwenyewe, mdogo wa marehemu baba yetu. Mkewe, Mama mdogo Hawa. Mtoto wao Saidi. Mzee ngariba, aliyefika tangu jana yake na mfuko wake wa ngozi begani. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Jumanne wa miaka kumi na mitatu na Zaina wa miaka minane. Wa saba ni mimi, Mariamu.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, huku kwetu Singida, upande wa Ilongero. Baba alikuwa amekufa kwa kifua, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Wakati huo nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alikuja nyumbani mara mbili kuuliza kwa nini sionekani shuleni. Mara ya pili alinikuta natwanga mtama, Zaina yuko mgongoni, Jumanne ameshika nguo yangu. Hakuuliza tena.

Baba alituachia ng'ombe. Baba mdogo aliwahamishia zizini kwake, akasema atawatunza mpaka Jumanne akue, aoe. Ningempinga vipi? Ndiye aliyekuwa baba yetu sasa! Nilimwamkia kila asubuhi, nilimlimia, nilimpikia alipougua. Wasomaji wenzangu, nilimwamini yule mtu kuliko nilivyojiamini mwenyewe...

Mwaka ule, baada ya mavuno, Baba mdogo alitangaza jando. Saidi na Jumanne watatahiriwa pamoja, siku moja, kwa pombe moja. Majirani walimsifu. "Athumani anamlea mtoto wa kaka yake kama wake!" walisema. Mimi nilijificha nyuma ya ghala nikalia kwa furaha.

Kwa siku nyingi nilimsaidia Mama mdogo kuotesha mtama, kuusaga na kuupika. Anayeijua pombe ya mtama anajua kwamba ikishachujwa haimngoji mtu. Leo ni tamu, kesho imekomaa, keshokutwa ni siki, unaimwaga. Sisi tulichuja siku ile ninayoisema. Wageni walikuwa wamealikwa kesho yake, na kisu kilikuwa cha kesho yake alfajiri.

Niseme jambo moja ili mnielewe. Kwetu wakati ule, mvulana anayengoja jando alikuwa wa wanaume. Dada yake hamuulizi habari za mwili wake, na hata nguo yake hamfulii. Na mvulana anayelia maumivu kabla kisu hakijamgusa, huyo ataimbwa mpaka azeeke.

Nilifika kwa Baba mdogo asubuhi, jua limetoka tu, upepo wa kipupwe unakata masikio. Jumanne alikuwa amelala huko pamoja na Saidi. Nilimkuta amekaa nyuma ya tembe, ameinama, magoti ameyabana. Usoni jasho lilikuwa linamtoka. Jasho, katika baridi ile!

Nikamuuliza ana nini. Alimtazama kwanza Baba mdogo, kisha akatazama chini.

"Tumbo," akasema.

"Amekula viazi vya juzi," Baba mdogo akadakia. "Mwache, Mariamu. Huyu si wako tena, ni wetu."

Mzee ngariba akacheka mpaka akakohoa. "Wote huumwa tumbo siku kama ya leo! Kesho nikimaliza kazi yangu, tumbo litakuwa limepona lenyewe!"

Watu wakacheka. Saidi alicheka. Hata mimi nilicheka... Mungu anisamehe, nilicheka!

Haikupita muda, Zaina akanijia mbio. "Dada, Jumanne katapika." Nikamkorogea maji ya chumvi. Akayanywa, akayatapika. Zaina akarudi tena, "Dada, katapika tena." Nilikuwa na mikono miwili ndani ya mtungi, mgongo unaniuma, na kazi bado nusu. Nikaenda pale alipokaa nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia. Nilimwambia aache kudeka. Nikamuuliza, anataka watu waseme sisi yatima hatukufundwa?

Aliinua macho akanitazama.

Ndugu msomaji, umewahi kutazamwa na mtoto namna ile?

Adhuhuri nilimwona akivuka ua. Alitembea amepanua miguu, mkono mmoja ameushika ukuta. Nilimwona! Lakini nilifanya nilivyofundwa. Niligeuza uso. Baba mdogo akamwingiza katika kibanda cha ndama, akamwambia alale huko, asiwatie watu mkosi.

Ilikuwa alasiri, jua limeanza kuinama, Mama mdogo Hawa aliponiita pale kwenye mtungi. Alijifanya ananionyesha machicha. Hakuinua uso. Akasema kwa sauti ya chini sana:

"Mariamu mwanangu, yule mtoto haumwi tumbo. Anaumwa kule... kwa kiume. Pamevimba. Usiseme ni mimi niliyekuambia."

Sijui mikono nilifutia wapi. Nilijikuta ndani ya kibanda cha ndama. Jumanne alikuwa amelala ubavu, amejikunja, midomo imekauka. Nikamwambia afungue nguo. Akalia. "Dada, usinitazame." Nikamwambia leo mimi si dada, leo mimi ni mama, fungua.

Nilitazama. Korodani ya kushoto ilikuwa imevimba, ngozi imeiva kwa wekundu, na yenyewe imepanda juu kuliko mwenzake. Nilipoigusa kwa kidole tu, alipiga ukelele hata ndama wakaruka.

Baba mdogo akatokea mlangoni. "Unafanya nini humo? Umevunja mwiko!"

"Baba mdogo, huyu mtoto anakufa."

"Hafi! Ni ngiri tu hiyo. Ngariba ataitazama kesho akimaliza kazi. Pombe imechujwa, Mariamu. Watu wamealikwa mpaka kule bondeni. Nitawaambia nini?"

Nilimfunga Jumanne mgongoni kwa kaniki, kama nilivyokuwa nikimfunga alipokuwa mtoto mchanga, nikainuka naye. Alikuwa mwembamba, lakini miguu yake iliburuta. Baba mdogo akasimama njiani. Akasema nikivuka pale, nisirudi tena kwake.

Nikavuka.

Sikujua nakwenda wapi. Nilijua tu kwamba barabara iko upande wa jua linakozama. Nilitembea, nikapumzika, nikatembea. Kila nilipojikwaa aliguna shingoni mwangu. Nilipofika barabarani nilikuta gari dogo la Bwana Alibhai, mwenye duka la Singida mjini, aliyekuwa akizunguka vijijini kununua ngozi. Alikuwa anapima ngozi ya mfugaji mmoja kwenye mizani. Akaniuliza mtoto ana nini. Ningemwambiaje mwanaume nisiyemjua? Nikaonyesha kwa mkono.

Alimtazama Jumanne mara moja tu. "Panda!" akasema. "Mlaze juu ya ngozi, mama. Upesi, upesi!"

Mwenye ngozi alibaki amesimama, mizani inaning'inia mkononi. "Bwana, na ngozi yangu je?"

"Ngozi imekufa tayari, inaweza kungoja mpaka kesho! Huyu bado hai!"

Tulifika hospitali mjini jua linazama. Daktari aliniambia nisubiri nje, lakini Jumanne hakuachia mkono wangu, kwa hiyo nilisimama nimekipa kitanda mgongo, nikasikiliza. Alimuuliza kama alipigwa, kama alianguka, kama anapata maumivu akikojoa. Yote hapana. Alimpapasa tumbo, tumbo halikuwa na kitu. Baadaye alinieleza kwamba alimpitisha kidole taratibu ndani ya paja, upande huu na upande huu. Korodani nzima hushtuka, ikapanda. Ile mbovu haikushtuka.

Kisha akamuuliza maumivu yalianza lini.

"Nilipoamka," Jumanne akasema. "Kabla jua halijatoka. Yalikuja ghafla."

"Na ulimwambia nani?"

Nikageuka. Jumanne alikuwa ananitazama mimi, si daktari.

"Nilimwambia Baba mdogo. Nilimwonyesha. Akaniambia nikimwambia mtu nitakuwa nimemwaibisha. Akasema mtu akiniuliza, niseme ni tumbo."

Ndugu zangu... Alionyeshwa! Aliona kwa macho yake, asubuhi, mapema! Nilipofika mimi na kumkuta Jumanne nyuma ya tembe, yule mtu alikuwa ameshajua. Alisimama pale, akanitazama usoni, akanitajia viazi!

Daktari alijaribu kwanza kuigeuza kwa mkono, taratibu, kuielekeza nje, kama mtu anayefunua kitabu. Haikukubali. Akasema lazima apasuliwe saa ileile. Wakati wanamtayarisha, aliniita pembeni. Alichukua kaniki niliyombebea Jumanne, akaifunga kuwa kifurushi, akakining'iniza kwa fundo lake, akakizungusha mara mbili mpaka kitambaa kikajikaza juu kama kamba.

"Unaona hapa juu? Hapa ndipo damu inapopita. Korodani imejisokota hivi. Haikosi kitu kingine ila damu. Mngefika kabla ya saa sita kupita tangu alipoanza kuumwa, huenda tungeiokoa."

Saa sita! Nilihesabu kwa vidole mbele yake. Nilipofika kwa Baba mdogo asubuhi ile, saa moja tu ilikuwa imepita. Hata kwa miguu yangu, hata bila gari la Bwana Alibhai, ningefika. Ningefika!

Walipofungua waliikuta nyeusi, imekufa. Wakaitoa. Ile nyingine waliishona mahali pake ili nayo isije ikajisokota siku moja. Daktari aliniambia maneno niliyoyafunga moyoni: "Moja inatosha. Ataoa na atazaa kama wengine."

Kesho yake Saidi alitahiriwa peke yake. Pombe ilinyweka yote. Wageni walipouliza Jumanne yuko wapi, Baba mdogo aliwaambia kwamba amekimbia kisu, na dada yake ndiye aliyemtorosha. Mdogo wangu alitahiriwa hospitali baada ya kupona, na aliporudi nyumbani alikuta jina linamngoja. "Mwanaume wa hospitali!" Watoto wa rika lake walimwita hivyo kisimani, malishoni, kila mahali. Habari ya kilichotolewa ilipovuja, wakalifupisha. Wakamwita "Nusu".

Sikurudi kwa Baba mdogo. Tuliishi watatu katika nyumba ya mama yetu, tukalima kwa jembe la mkono huku ng'ombe wa baba yetu tunawasikia wakilia zizini kwake. Mtu mmoja tu wa nyumba ile niliendelea kumpenda. Mama mdogo Hawa. Yeye ndiye aliyeniambia! Alipoona tu, akaniambia, hivyo ndivyo nilivyoamini. Nilimpelekea mboga kwa siri, nikamwita mama.

Miaka ikapita. Ikaja amri ya kuhamia vijiji vya Ujamaa. Tulivunja nyumba zetu, tukajenga upya kwa mistari. Baba mdogo akachaguliwa mjumbe wa nyumba kumi, na nyumba yetu ikaangukia katika kumi zake! Tulilima naye shamba la pamoja, mstari mmoja, hatusemezani zaidi ya shikamoo na marahaba.

Jumanne alikuwa amekua. Hakuna kijana aliyemzidi kwa kulima na maksai pale kijijini. Akampata Rehema, binti wa Ikungi, na wakapendana. Baba yake Rehema akaja kutaka kujua mahari iko wapi. Nikaona saa ya ng'ombe wa baba imefika. Nikaenda kwa Baba mdogo kwa adabu, nikapiga goti, nikamwomba. Akasema tukutane barazani.

Barazani, mbele ya mwenyekiti, mbele ya wakwe, mbele ya kijiji kizima, alisimama akasema:

"Ng'ombe wa mahari ni wa mwanaume. Huyu, daktari alimkata. Muulizeni dada yake, yuko hapo. Nitoe ng'ombe wa kaka yangu akaolee nini?"

Kuna mtu alicheka. Jumanne alikuwa ameivua kofia yake, anaizungusha mikononi. Baba yake Rehema akaanza kutafuta fimbo yake ainuke. Mtu aliyemjeruhi mtoto kwa kunyamaza, sasa anatumia jeraha lile lile kumdhulumu! Je, kuna usaliti mkubwa kuliko huu?

Ndipo upande wa wanawake akasimama Mama mdogo Hawa.

"Mimi nitasema," akasema.

"Kaa chini, Hawa!" mumewe akafoka.

"Nimekaa miaka mingi, leo nimesimama." Khanga ilimtoka begani, hakuirudisha. "Asubuhi ile nilikuwa zizini nakamua. Wewe na mtoto mlikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilimsikia akikuambia, Baba mdogo, tazama. Nilikusikia ukimwambia aseme ni tumbo. Nikamaliza kukamua, nikaingia ndani, nikanyamaza mpaka alasiri kwa sababu ya kukuogopa. Kokwa la huyu mtoto umelila wewe na pombe yako, na mimi nimekusaidia kula."

Mwenyekiti akaamuru ng'ombe wa marehemu warudishwe kwa Jumanne, na uzao wao. Baba yake Rehema alibaki anasitasita, lakini binti mwenyewe alimaliza maneno. Zaina alimsikia akiwaambia wenzake, "Mimi naolewa na mtu, siolewi na makokwa!" Wakaoana.

Ningepaswa kufurahi siku ile. Lakini mimi nilitoka barazani na neno moja kichwani. Alikuwa zizini, anakamua... Alijua tangu asubuhi! Huyu niliyemwita mama!

Jioni ile ile alikuja mlangoni kwangu na kifurushi cha nguo. Jicho moja lilikuwa limevimba. Akasema Athumani amemfukuza, hana pa kwenda ila kwangu, au kwa ndugu zake Mkiwa. Nikampa uji. Mgeni hanyimwi uji. Nikamwacha anywe, kisha nikamuuliza, nami nilichagua maneno yangu yamchome:

"Mama mdogo, kutoka zizini mpaka pale nilipokuwa nachuja pombe, zilikuwa hatua ngapi?"

Alikunywa uji wote. Akaliosha bakuli, akaliinamisha juu ya kichanja, kama mwenye nyumba. Akachukua kifurushi chake. Akalala kwa jirani, na asubuhi akapata lori la kwenda Mkiwa. Mimi nilifunga mlango, nikajiona nina haki.

Leo Jumanne ana watoto watatu. Daktari yule alisema kweli. Baba mdogo bado tuko naye kijijini, hakuwahi kuomba msamaha, nami simngojei aombe. Lakini Jumanne huenda Mkiwa kila baada ya mavuno, anampelekea Mama mdogo Hawa mtama na kuni. Mwaka jana nilimuuliza anawezaje. Akaniambia:

"Dada, wewe ulinibeba. Lakini nani alikuambia unibebe?"

Sikulala... Maana ni kweli. Siku ile watu watatu tulimnyamazia yule mtoto. Baba mdogo alinyamaza kwa ajili ya pombe yake. Mama mdogo alinyamaza kwa woga. Na mimi nilimwona akitembea amepanua miguu, nikageuza uso kwa aibu! Katika sisi watatu, ni mmoja tu aliyesimama mbele ya watu akasema kosa lake. Akalipa kwa nyumba yake. Na mimi nikamfungia mlango.

Nawaomba, mliosoma mpaka hapa. Wafundisheni watoto wenu wa kiume kutaja viungo vyao kwa majina, wasiseme tumbo. Mtoto au kijana akishikwa ghafla na maumivu huko chini, hasa akitapika, msimpe maji ya chumvi, msimngoje ngariba, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali saa ileile! Hata kama maumivu yamekuja yakapoa, mpelekeni. Na wewe dada, wewe mama, uliza. Aibu yako haimsaidii. Tazama!

Mama mdogo Hawa sasa ni mzee, macho yake yamepungua. Jumanne anasema huniulizia. Mara mbili nimefunga safari, nikafika barabarani na kikapu changu, basi likasimama, kondakta akaniuliza, "Mama, unapanda?"

Mara zote mbili nilisema hapana. Bakuli lile bado liko juu ya kichanja, limeinamishwa vilevile alivyoliacha.